Tazama nani anafukuzwa: jibu kwa msomaji wa Wete

Kijana mmoja wa Wete, Pemba, anayesoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Babu yangu alijiunga na ASP kabla ya uhuru na mpaka leo kadi ya CCM anaitunza kwenye sanduku. Kila ukifika uchaguzi ananiambia hiki si chama alichojiunga nacho. Baba anasema babu kazeeka tu, chama ni kilekile, anayebadilika ni msemaji. Nani mkweli? Na mtu atajuaje kama chama kimebadilisha itikadi au kimebadilisha maneno tu?"

Marahaba mwanangu. Babu yako na baba yako wote wawili wana haki, ila kila mmoja ameshika upande wake wa jambo. Kabla sijafika huko, nipe ruhusa nimsifu huyo mzee. Kuwa mtu wa ASP, yaani Afro-Shirazi Party, huko Wete mwanzoni mwa miaka ya sitini halikuwa jambo jepesi. Pemba ilikuwa ngome ya chama cha ZPPP cha Mohammed Shamte na washirika wake wa Hizbu, yaani chama cha ZNP, na mtu aliyebeba kadi ya Karume, kiongozi wa ASP, alijua majirani wanamtazama vipi. Aliyelipa gharama hiyo ana haki ya kuuliza chama chake kimekwenda wapi.

Watu wengi wanaoulizwa swali lako hukimbilia hotuba. Huchukua ya Mzee Karume, wakaiweka karibu na ya Salmin Amour, rais wa Zanzibar wa miaka ya tisini, kisha ya Hussein Mwinyi, wakapima tofauti za maneno. Kazi hiyo inafurahisha lakini haifikishi mbali, kwa sababu jukwaa ndiyo sehemu ya chama inayobadilika kwa wepesi zaidi. Mimi nakushauri uanze kwingine kabisa. Chukua orodha ya watu waliofukuzwa au kulazimishwa kujiuzulu, uangalie kila mmoja alisema nini au alifanya nini. Chama kinaweza kuandika lolote katika katiba yake na kusema lolote jukwaani, lakini kinapomvua mtu uanachama huwa kimefika mahali ambapo hakiko tayari kusogea. Imani yake ya kweli inakaa hapo.

Tuijaribu njia hii kwa CCM na mzazi wake wa upande wetu, ASP.

ASP iliyoundwa Februari 1957 ilikuwa muungano wa Jumuiya ya Waafrika na sehemu ya Washirazi, na lugha yake ya mwanzo ilikuwa ya mnyonge anayedai nafasi. Ilisita hata kuhusu uhuru wa haraka, kwa hofu kwamba bendera ingeshushwa na kupandishwa nyingine huku ardhi, biashara na skuli zikibaki kwa walewale. Uchaguzi wa Julai 1963 uliipa ASP zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na uhuru wa Disemba 10 mwaka huo ukaja mikononi mwa serikali ya Shamte. Mwezi mmoja baadaye yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na lugha ya chama ikageuka mara moja. Aliyekuwa akidai sasa alikuwa akiamuru. Ardhi ikawa mali ya serikali, zikaja eka tatu tatu, matibabu na elimu bila malipo, baadaye majumba ya Michenzani. Yakaja pia mambo ambayo babu yako anayajua kuliko mimi: hofu, watu kupotea, na foleni za mchele ambazo Pemba hazijasahauliwa. Uchaguzi ukawekwa kando. Karume hakuwa mtu wa nadharia, na wasomi wa Umma Party, chama kidogo cha mrengo wa kushoto, waliojiunga naye, akina Abdulrahman Babu, walikuwa na maneno mengi ya kijamaa kuliko yeye. Ujamaa wake ulikuwa wa vitu vinavyoshikika: eka, nyumba, dawa.

Aboud Jumbe alipochukua nafasi baada ya Karume kuuawa Kisiwandui, Aprili 7, 1972, lugha ikabadilika tena. Mwalimu wa skuli alikuja na vikao, mkutano mkuu, kanuni, na hatimaye katiba ya Zanzibar ya 1979 na Baraza la Wawakilishi. Yeye ndiye aliyeiongoza ASP kuungana na TANU Februari 5, 1977. Ukisoma hotuba zake za miaka hiyo utamwona kama Mwana-Muungano kupita wote.

Januari 1984, huyohuyo Jumbe akajiuzulu nyadhifa zote mbele ya Halmashauri Kuu ya CCM iliyokutana Dodoma. Kosa lake halikuwa kuuacha ujamaa, wala wizi. Alikuwa ametayarisha hoja za kikatiba kutaka muundo wa Muungano uangaliwe upya, na hoja hizo zilielekea kwenye serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Chama kilisema hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar imechafuka. Makamu Mwenyekiti wa CCM, Makamu wa Rais wa Muungano na Rais wa Zanzibar, vyote vikaondoka kwa mtu mmoja katika kikao kimoja.

Sasa shika hilo, twende mbele miaka saba. Februari 1991 Halmashauri Kuu hiyohiyo, safari hii chini ya Mwenyekiti Ali Hassan Mwinyi, ilikutana hapa Unguja na kutoa kinachoitwa Azimio la Zanzibar. Kwa masharti ya Azimio la Arusha la 1967, kiongozi wa chama hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kupangisha nyumba wala kupokea mishahara miwili. Unguja 1991 vikwazo hivyo vikalegezwa. Uti wa mgongo wa ujamaa, kwa maana ya miiko ya viongozi, uliondolewa kwa azimio la kikao. Mwalimu Nyerere baadaye alieleza waziwazi kwamba haoni kosa katika Azimio la Arusha. Mzee Mwinyi alikuwa na jibu lake ambalo watu wanalikumbuka mpaka leo: kila zama na kitabu chake.

Nani alifukuzwa kwa kuusaliti ujamaa? Hakuna. Fungua katiba ya CCM leo na utakuta bado imeandikwa kwamba Ujamaa na Kujitegemea ndiyo njia ya kujenga jamii ya watu walio sawa na huru. Maneno yamebaki mahali pake, na hakuna anayegombana nayo kwa kuwa hayamzuii mtu kufanya chochote. Nitakuwa mkweli kwako kuhusu mfano mmoja unaonipinga. Horace Kolimba, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa CCM, alisema hadharani kwamba chama kimepoteza dira, na Machi 1997 akaitwa Dodoma kujieleza. Aliugua akiwa huko kikaoni na akafariki. Kwa hiyo kusema kwamba itikadi imekufa kulimletea mtu matatizo. Kuiua hakukumletea mtu lolote.

Rudi sasa kwenye orodha. Mei 1988 CCM ilimfukuza Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi mpaka Januari mwaka huo, pamoja na wenzake kadhaa. Mambo yalikuwa mengi, pamoja na mpasuko wa Unguja na Pemba uliotokana na uteuzi wa Idris Abdul Wakil mwaka 1985, lakini msingi wa shutuma ulikuwa umoja wa chama na Muungano. Angalia kichekesho chake: Seif ndiye, akiwa chini ya Ali Hassan Mwinyi, rais wa Zanzibar mwaka 1984, aliyeshiriki kuufungua mlango wa biashara Zanzibar, nguo na vyakula vikajaa madukani. Kwa kipimo cha uchumi alikuwa ametangulia njia ambayo CCM yote iliifuata baadaye. Hilo halikumsaidia kitu.

Agosti 2013 akafukuzwa Mansoor Yussuf Himid, Mwakilishi wa Kiembesamaki na waziri wa zamani. Aprili 2015 akafuata Hassan Nassor Moyo, mkongwe wa Mapinduzi mwenyewe, mwenyekiti wa Kamati ya Maridhiano. Wote wawili walisimama upande wa Zanzibar yenye mamlaka zaidi ndani ya Muungano, wakati rasimu ya Tume ya Warioba ya mabadiliko ya katiba ikipendekeza serikali tatu na CCM ikishikilia mbili. Miaka thelathini na moja kati ya Jumbe na Moyo, wenyeviti wa chama wamepishana, uchumi umegeuka juu chini, vyama vingi vimekuja, na mstari umebaki palepale.

Najua utauliza: mbona mwaka 2010 hakufukuzwa mtu? Swali zuri, na hapa jambo linakuwa tamu. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na visiwa vikachemka, CCM na chama cha upinzani CUF pamoja. Miaka miwili baadaye Baraza la Wawakilishi, ambalo CCM ndiyo yenye wingi, likapitisha marekebisho ya kumi ya Katiba yanayosema Zanzibar ni nchi, na yakafungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Nguvu ya jambo lile ilitokana na mtu aliyekuwa juu. Amani Abeid Karume alikuwa amekutana na Maalim Seif, yuleyule Seif Sharif Hamad aliyefukuzwa 1988, Ikulu Novemba 5, 2009, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ikapata asilimia 66.4 ya ndiyo. Rais aliye madarakani, mtoto wa mwasisi, alikuwa amelifunika jambo kwa kanzu yake. Alipoondoka, waliokuwa wamesimama nyuma yake wakabaki wazi. Mansoor na Moyo walifukuzwa kwa kuendelea kusema kwa sauti, chini ya kiongozi mwingine, mambo ambayo mwaka 2010 yalisemwa na wengi.

Hapo ndipo kiongozi anapokuwa na uzito wa kweli. Hawezi kuufuta mstari, lakini anaweza kuusogeza kwa muda na kuamua nani anasamehewa. Amani Karume alianza 2000 kwa lugha nyingine kabisa. Vikao vya CCM vya Dodoma vilimteua yeye wakati Gharib Bilal ndiye aliyeongoza katika kura za kamati ya Zanzibar, na miezi michache baada ya kuapishwa likaja Januari 2001, watu wakapigwa risasi na kufa hapo kwenu Wete, Micheweni na kwingineko Pemba, na wengine wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Mtu huyohuyo, katika mwaka wake wa mwisho, akawa baba wa maridhiano. Mimi sioni kwamba ni roho tu iliyogeuka. Kiongozi wa CCM Zanzibar husikilizwa na hadhira mbili. Moja iko Dodoma, inayomteua na kumpitisha tena baada ya miaka mitano. Nyingine iko hapa, inayomhukumu kwa historia. Muhula wa mwisho unapokaribia kumalizika, hadhira ya kwanza haina tena cha kumpa wala kumnyima. Ukipata hotuba yoyote ya rais wa Zanzibar, tazama kwanza imetolewa mwaka wa ngapi wa utawala wake.

Lugha pia haibadiliki sawasawa juu na chini ya chama. Wakati viongozi wa juu walikuwa wakizungumza maridhiano, ubao wa maskani, yaani baraza la wanachama wa CCM, ya Kisonge pale Michenzani uliendelea kuandika kana kwamba tuko 1963, Hizbu na Waarabu na kurudi kwa Sultani. Januari 2016, katika sherehe za Mapinduzi Uwanja wa Amaan, likapitishwa bango lililowatukana machotara na kuwaita Hizbu, na kelele zikasikika nchi nzima. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba chama sasa kinasema hivi, muulize: chama kipi, cha Kisiwandui, makao makuu ya CCM Zanzibar, au cha maskani?

Rais wa sasa, Hussein Mwinyi, alikuja 2020 na "yajayo ni neema tupu" na Uchumi wa Buluu, akaunda mpaka wizara yenye jina hilo. Hizbu hawamo sana katika hotuba zake. Anazungumza bandari, hoteli, wawekezaji, mapato. Hotuba bado hufungwa kwa "Mapinduzi daima", kama sala inavyofungwa kwa amina. Nadhani babu yako kinachomchoma zaidi ni hapa, na naona anachokitafuta ni ardhi. Fuatilia ardhi peke yake na utaona safari yote. Mwaka 1964 serikali iliitangaza kuwa mali ya umma, mwaka uliofuata ikaanza kugawa eka tatu tatu kwa wasio na shamba. Sheria ya matumizi ya ardhi ya 1992, wakati wa Salmin, ikatoa haki ya matumizi inayoweza kuhamishwa na kurithiwa. Siku hizi visiwa vidogo vinakodishwa kwa wawekezaji kwa miaka mingi. Kisheria ardhi bado ni ya umma, na kila rais anaweza kuapa kwamba hajauacha msingi wa 1964. Lakini tamko lilelile lililotumika kumpa shamba mtu asiye na kitu ndilo linaloiwezesha serikali kumkodishia kisiwa mwenye mtaji. Mtu aliyepewa eka tatu anaposikia hayo, anaona chama kimegeuka. Mwenye hesabu za bajeti atakwambia kwamba bila mapato hayo hakuna skuli wala hospitali. Wote wanazungumza ukweli, ila babu yako ndiye anayezungumzia itikadi.

Usidhani hii ni hadithi ya CCM peke yake. Upande wa pili unaniunga mkono zaidi. CUF ilizaliwa 1992 na kujitangaza chama cha kiliberali, na sera yake iliitwa utajirisho. Ilijiunga mpaka na umoja wa vyama vya kiliberali duniani. Mara ngapi umemsikia mtu wa Pemba akieleza utajirisho? Watu walifuata "haki sawa kwa wote". Mwaka 2000 jukwaa lilikuwa ngangari, na Mkuu wa Polisi akajibu kwamba yeye ni ngunguri. Miaka kumi baadaye Maalim Seif yuleyule akawa Makamu wa Kwanza wa Rais anayehubiri subira. Ilipofika 2012 neno likawa mamlaka kamili.

Kisha Machi 18, 2019 Mahakama Kuu ikaamua mgogoro wa uongozi kwa faida ya Profesa Lipumba, hasimu wa Maalim ndani ya CUF, na siku hiyohiyo Maalim akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo: shusha tanga, pandisha tanga. Ofisi zikapakwa zambarau. ACT, kwa Azimio lake la Tabora la 2015, ni chama kilichosema kinataka kufufua misingi ya Azimio la Arusha. Maelfu ya watu wakatoka katika uliberali na kuingia katika ujamaa kwa wiki moja, na hapakuwa na mjadala hata mmoja wa baraza la kahawa kuhusu jambo hilo. Walichofuata hakikuwa kimeandikwa katika sera ya uchumi ya chama chochote kati ya hivyo viwili.

Tumia kipimo cha kufukuzwa na huku pia. Januari 2012 CUF ilimfukuza Hamad Rashid Mohamed, mmoja wa waliofukuzwa CCM pamoja na Seif mwaka 1988. Alikuwa ametaka kugombea ukatibu mkuu. Mstari ambao CUF haikuvumilia kuvukwa ulikuwa nafasi ya Maalim. Sisemi kwa kebehi, kwani chama kilichopitia risasi na jela kina sababu ya kumng'ang'ania kiongozi wake. Lakini mstari huo unakueleza kwa nini kifo cha Maalim, Februari 17, 2021, kiliacha swali ambalo bado linajibiwa. Othman Masoud Othman aliyemrithi, kwanza kama Makamu wa Kwanza na kisha, Machi 2024, kama mwenyekiti wa ACT, ni mwanasheria aliyeondolewa uanasheria mkuu Oktoba 2014 baada ya kuvikataa baadhi ya vifungu katika Bunge Maalumu la Katiba. Maalim alizungumza kwa mafumbo na utani wa kipwani na watu wakacheka kabla hajamaliza sentensi. Huyu anazungumza vifungu. Mamlaka ya Zanzibar ni yaleyale, ila yamevaa joho la mahakamani.

Basi baba yako ana haki kwamba kuna kitu ndani ya chama ambacho msemaji habadilishi. Kwa CCM ni Muungano wa serikali mbili, na nguvu ya vikao vya kitaifa kuamua nani ataongoza Zanzibar. Jambo hilo halikuwemo katika ASP ya 1957, kwa sababu hapakuwa na Muungano wala Dodoma. Na babu yako ana haki kwamba kilichomvuta yeye, mnyonge kupata ardhi, kimeachwa njiani bila mtu yeyote kufukuzwa kwa ajili yake.

Ukija Unguja, pita Nyaraka pale Kilimani. Omba magazeti ya kabla ya Mapinduzi, Afrika Kwetu la upande wa ASP na Mwongozi la upande wa Hizbu, uyasome pamoja, kisha Kweupe ya miaka ya Karume. Soma taarifa za vikao kabla ya hotuba. Kabla hujapanda boti, muulize babu yako shamba lake la eka tatu, kama alilipata, liko kwa nani sasa, na uandike tarehe anazozikumbuka.